Kuhifadhi Boti Nchi Kavu Msimu wa Kusi

Upepo wa kusi unapoanza kuvuma mwezi wa Aprili pamoja na mvua za masika, wavuvi wengi wa Majoreni, Vanga, Jimbo na Shimoni hupunguza safari za nje ya mwamba. Bahari huchafuka zaidi kati ya Juni na Agosti, na vyombo vidogo vingi hupandishwa pwani hadi upepo ulegee. Hiyo ni miezi kadhaa ya jua, mvua na hewa ya chumvi juu ya mali ambayo mara nyingi ndiyo tegemeo la nyumba nzima, pengine hata mkopo wake haujaisha. Kasoro nyingi hazionekani mpaka siku ya kushusha, wakati wenzako wako baharini na fundi ana foleni.

Adui mkubwa wa chombo cha mbao kilichopandishwa si maji ya bahari. Ni ya mvua. Chumvi huzuia kuvu inayoozesha mbao. Maji ya mvua yakituama chini ya mataruma huilisha. Kwa hiyo boti iwekwe omo ikiwa juu kidogo na tezi chini, na kizibo cha ngama kitolewe ili maji yapate njia. Kizibo hicho kifungwe kwa kamba palepale kwenye boti, maana hupotea kirahisi. Mitumbwi ifudikizwe. Boti iliyojaa maji ya mvua pia ni mazalio ya mbu, na hilo ni shida ya mtaa mzima, si ya mwenye boti peke yake.

Baada ya hapo ndipo kifuniko kinapofaa. Kosa la kawaida ni kulaza turubai juu ya boti na kulikaza pande zote hadi chini. Mchana joto hupanda ndani, usiku unyevu hugeuka matone, na mbao zinakaa mvuke kama chungu kilichofunikwa. Afadhali usimamishe nguzo mbili, moja omo na moja tezi, ulaze mti mrefu juu yake, kisha turubai likae kama paa la banda. Upande wa kusi lishushwe chini kwa sababu mvua hupiga kutoka huko. Upande wa pili uachwe wazi ili hewa ipite. Turubai likipigapiga kwa upepo hukwangua rangi na kujitoboa lenyewe, kwa hivyo weka vipande vya mpira wa tairi kuukuu panapogusa ukingo. Aliye na makuti ya kutosha hana haja ya turubai: banda la makuti hupitisha hewa vizuri zaidi, mradi moto wa kuchomea mkuku usiwashwe karibu nalo.

Boti za faiba haziozi, lakini jua huchakaza rangi yake ya juu mpaka iache unga mkononi. Nazo zinahitaji kivuli.

Mahali pa kuweka pawe juu ya alama ya maji ya bamvua. Mkuku usikae kwenye udongo, kwa kuwa mchwa hupanda kutoka chini. Matofali ya saruji yanatosha. Magadi ya kuzuia chombo kisilale ubavu yasikatwe kwenye mikoko. Kukata mikoko bila kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya ni kosa, na mikoko hiyo ndiyo inayokinga ufuo wa Majoreni dhidi ya mawimbi.

Mashine isiachwe nyuma ya boti. Isafishwe kwanza kwa kuizungusha ndani ya pipa la maji yasiyo na chumvi, kisha mpira wa petroli uchomolewe na mashine iachwe ifanye kazi mpaka izime yenyewe. Petroli inayobaki kwenye kabureta kwa miezi huganda kama gundi, na hiyo ndiyo sababu mashine nyingi hukataa kuwaka msimu ukifunguka. Ihifadhiwe ndani ya nyumba ikiwa imesimama wima. Nyavu na jaketi za kuokolea zining'inizwe mbali na panya.

Kabla ya kushusha, mbao zitakuwa zimekauka na kuachana. Boti imwagiwe maji siku kadhaa ili zivimbe, nyufa zinazobaki zikalafatiwe, na chini ipakwe deheni au rangi. Isiende mbali siku ya kwanza. Ikae kwenye maji ya kina kifupi karibu na ufuo usiku mmoja ionekane inavujia wapi. Anayehitaji ushauri kuhusu mahali pa kupandisha chombo aonane na viongozi wa BMU ya eneo lake au afisa wa uvuvi wa kaunti kabla ya masika kuanza.