Kuvu Nyumbani: Tusimwamini Kila Ajaye na Kopo la Rangi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufunzwa darasani mwaka nenda mwaka rudi, na wanafunzi huitungia insha za kupendeza. Ajabu ni kwamba wengi wetu tuifunzayo tunaishi katika nyumba ambazo ufa haukuzibwa, na sasa ukuta wenyewe umeota kuvu.

Masika yakiisha na baridi ya Juni na Julai ikatanda Limuru na Kinangop, madoa meusi na ya kijani hujitokeza pembeni mwa dari na nyuma ya makabati. Kule Mombasa na Lamu, ambako hewa ya bahari haikosi unyevu, hata nguo huingia koga zikiwa sandukuni. Wakati huo ndipo mafundi wa kila aina hubisha hodi, kila mmoja akidai kuwa ndiye ajuaye dawa.

Jina la kuvu si geni kwetu. Mwaka wa 2004 sumukuvu katika mahindi iliwaua watu 125 katika sehemu za mashariki mwa nchi. Kuvu ya ukutani ni jambo jingine, kwa maana hatuili. Lakini tunaivuta pamoja na hewa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2009, lilieleza kuwa wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu wamo katika hatari zaidi ya kupatwa na matatizo ya kupumua na pumu. Basi mtoto akohoaye usiku kucha, kisha akasinzia darasani, huenda shida yake iko ukutani wala si katika uvivu.

Nionavyo mimi, kosa kubwa ni kudhani kwamba kuvu ni uchafu wa rangi. Kuvu ni kiumbe hai, na uhai wake ni maji. Ukiliacha bati linalovuja, bomba lililopasuka ndani ya ukuta, au msingi unaofyonza maji ya ardhini, hata ukipaka rangi mara saba, kuvu itarudi. Katika nyumba za walimu za shule moja niliyowahi kufundisha, kuta zilipakwa rangi nyeupe ikapendeza macho. Mvua zilizofuata zilipokwisha, madoa yalikuwa yamerudi palepale, na fedha zilikuwa zimekwenda. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Je, mkandarasi anayefaa atajulikanaje? Kwanza, sikiliza swali lake la kwanza. Akitaja bei kabla ya kuiona nyumba, mwache aende zake. Aliye stadi huuliza maji yanatoka wapi. Hupanda darini, hukagua mabomba, na hupima unyevu wa ukuta kwa kifaa. Pili, akueleze atakavyowakinga wakazi. Kukwangua kuvu hurusha vijimbegu vyake hewani, kwa hiyo chumba hufungwa kwa karatasi za plastiki, na wafanyakazi huvaa barakoa na glavu. Tatu, akwambie kitakachotolewa: mbao laini za dari na magodoro yaliyoliwa na kuvu hayasafishiki kwa urahisi, bali hutupwa.

Aidha, taka kuona hati. Sheria ya mwaka wa 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo husajili wakandarasi kwa madaraja. Cheti hicho peke yake hakithibitishi kuwa mtu anaijua kuvu, lakini asiye nacho utamshtaki wapi? Omba pia kuonyeshwa nyumba aliyoitengeneza kabla ya mvua zilizopita, ukamwulize mwenyewe kama ingali kavu.

Mkataba nao uandikwe: kazi gani, siku ngapi, na dhamana ya muda gani. Malipo yafuate hatua za kazi, na sehemu ya mwisho izuiliwe mpaka ukuta uthibitike kuwa mkavu. Ikiwezekana, mkaguzi wa kazi asiwe yule yule aliyeifanya, kwani hapana mtahiniwa asahihishaye karatasi yake mwenyewe.

Wala si kila doa lihitajilo mkandarasi. Likiwa dogo, lisilozidi mita moja ya mraba, juu ya vigae au ukuta mgumu, mwenye nyumba aweza kulisugua kwa sabuni na maji, akalikausha vizuri na kufungua madirisha. Atahadhari tu asichanganye dawa ya klorini na dawa yenye amonia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Nyumba ikilowa, ikaushwe katika muda wa siku moja au mbili, kabla kuvu haijapata makao.

Mwisho, nawageukia wenye nyumba za kupangisha na kamati za shule. Mpangaji hana uwezo wa kubomoa ukuta usio wake, na mwanafunzi wa bweni hana kauli juu ya dari aliyolalia chini yake. Fedha za ukarabati zikitolewa, zisiende kwa aliyetaja bei ya chini kabisa. Ziende kwa aliyeonyesha mahali maji yanapopitia. Rangi ije baadaye, ukuta ukiwa mkavu.