Tamusuza: Mganda aliyeipa vayolini mdundo wa kwao

Umeshuka matatu Kona Baridi, upepo unakukata masikio, na kwenye simu una biti uliyoanza jana. Ngoma ya kwenu uliitoa, ati inasikika ya kishamba. Basi kabla hujaifuta kabisa, msikie Justinian Tamusuza.

Alizaliwa Uganda mwaka 1951. Utotoni alijifunza kuimba, kupiga ngoma na endingidi, lile zeze la Waganda lenye uzi mmoja. Baadaye alisomea utunzi Belfast, kisha Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, alikopata shahada ya uzamifu. Akarudi kufundisha Makerere.

Angeiga Mozart, nani angemlaumu? Lakini alichukua vayolini mbili, viola na selo, akazitungia mdundo wa kwao. Ala zinapokezana noti kama wapigaji wa amadinda, marimba ya Waganda ambapo mmoja hupiga penye pengo la mwenzake. Sehemu ya kwanza ya kazi hiyo, *Mu Kkubo Ery'Omusaalaba*, yaani Katika Njia ya Msalaba, ilirekodiwa na Kronos Quartet wa Marekani kwenye albamu *Pieces of Africa* ya 1992, iliyokusanya watunzi kadhaa wa Afrika. Albamu ikapanda hadi namba moja kwenye chati ya Billboard ya muziki wa klasiki.

Kwa hivyo ukifika keja, irudishe ile ngoma uisikize tena. Shahada Tamusuza alizifuata ng'ambo, ila cha kuandika alitoka nacho nyumbani. Wewe cha kwenu umekiweka wapi?