Asili Haipotei Ikiandikwa

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Maana ya neno hilo huwadhihirikia wajukuu wa wakulima wa Kijerumani waliohamia Marekani katika karne ya 19, wanapojaribu kutafuta vitongoji walikotoka mababu zao.

Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezini mwaka 1969, alitokana kwa upande wa mama yake na ukoo wa Kötter wa Ladbergen, kijiji cha wakulima katika eneo la Westfalen, kaskazini-magharibi ya Ujerumani. Wahamiaji wengi wa Ladbergen walikwenda kukaa katika mji mdogo wa New Knoxville, Ohio. Huko Marekani jina la Kötter liligeuka likawa Katter. Asiyejua badiliko hilo angepekua vitabu vya Ladbergen bila kumpata mtu.

Kazi hiyo ina magumu mengine. Zamani wakulima wengi wa Westfalen hawakujenga pamoja. Nyumba ya kila mmoja ilisimama peke yake katikati ya shamba lake. Mashamba machache yalifanya kitongoji kisicho na kanisa wala ofisi. Kwa hiyo mtafutaji hana budi kujua kwanza kitongoji hicho kilikuwa chini ya parokia ipi, kwa sababu ubatizo, ndoa na maziko viliandikwa na kanisa. Serikali ilianza kuandikisha watu katika Prussia yote mwaka 1874, na katika Ujerumani nzima mwaka 1876. Kabla ya hapo tegemeo kubwa ni vitabu vya kanisa, ambavyo vingi viliteketea katika Vita vya Miaka Thelathini, vya mwaka 1618 hadi 1648. Vilivyosalia vimeandikwa kwa Kilatini, au kwa mwandiko wa kale ambao Wajerumani wengi wa leo hawawezi kuusoma.

Tena, katika sehemu hizo jina lilifuata shamba. Mwanamume aliyeoa binti mrithi wa shamba aliacha jina la baba yake akachukua la shamba hilo, na watoto wake wakaitwa kwalo. Hivyo ndugu wawili wa tumbo moja waliweza kuzikwa kwa majina mbalimbali. Shamba nalo halikugawanywa: mtoto mmoja alirithi, na wengine wakabaki vibarua na wapangaji, au wakapanda meli.

Hata hivyo, kikwazo kikubwa kuliko vyote ni kusahau. Karatasi nyingi za wahamiaji zinasema tu kwamba mtu alitoka “Ujerumani” au “Prussia”. Jina la kitongoji lilibaki midomoni mwa wazee, na wazee walipofariki, likazikwa pamoja nao.

Hapo pana funzo kwa kila nyumba, hasa nyumba ya askari. Yeye huhamishwa kutoka kambi hii hadi ile, na watoto wake huzaliwa mbali na kwao. Daftari moja latosha: jina la babu na bibi, kijiji chao, na majina mengine waliyoitwa. Mzee aulizwe angali hai, na mtoto asomewe majibu yake.