Mama aliyelinda wanawe juu ya mwamba



Jumapili moja ya msimu wa pamba nilikuwa Bariadi. Ibada ilikuwa imekwisha, na waumini walikuwa wamesimama nje vikundi vikundi, wengine wakisalimiana, wengine wakiulizana bei ya pamba na lini AMCOS yao italipa. Mama mmoja mtu mzima alinivuta kando hadi kwenye kivuli cha mwarobaini. Nikamwamkia, "Shikamoo, mayu." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akanyamaza kwa muda. Nikajua ana neno zito.

Ana kijana wake anayefanya kazi Mwanza. Katika kundi la WhatsApp la ukoo, mtu alituma kipande cha video cha tamasha la filamu huko ughaibuni, watu wamesimama wakipigia makofi filamu ya mapenzi ya jinsia moja. Chini yake akaandika kwamba kijana wa mama huyu naye yuko katika njia hiyo. Hakuna aliyeuliza ushahidi. Baba mdogo akaamua kwamba kijana asikanyage nyumbani Krismasi. Wengine wakaweka alama ya dole gumba, likaisha.

"Mtumishi," akaniambia, "nina maswali mawili. Hayo matamasha ni kitu gani? Na mwanangu akija, nimfungulie mlango au nisimfungulie? Michembe yake bado namwekea kila mwaka."

Siku ile sikuwa na jibu la kutosha. Leo najaribu kulitoa, na ninakuomba wewe msomaji ulisome kana kwamba mama yule amekaa nawe benchi moja.

Nianze na swali la kwanza. Matamasha ya filamu za watu wanaopenda wa jinsia yao hayakuanza jana. Lile la San Francisco, Marekani, lilianza mwaka 1977. Katika tamasha kubwa la Berlin, Ujerumani, filamu za aina hiyo zina tuzo yake, iitwayo Teddy, tangu 1987. Watu hukusanyika, hutazama filamu, husikiliza waongozaji, huulizana maswali. Baadhi ya filamu hizo ni za mapenzi, nyingine ni za familia: mtoto na mzazi, siri, kufukuzwa, kurudi, mazishi.

Wala si mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Mwaka 2014 kundi la wasanii wa Nairobi, The Nest Collective, lilitengeneza filamu ya hadithi tano fupi iitwayo Stories of Our Lives, kutokana na simulizi za Wakenya wenyewe. Ilionyeshwa Toronto, na mwaka 2015 ikapata tuzo ya majaji wa Teddy kule Berlin. Nyumbani Kenya ilipigwa marufuku.

Mwaka 2018 ikaja Rafiki, ya mwongozaji Wanuri Kahiu. Ni hadithi ya wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, ambao baba zao wanashindana katika siasa. Chanzo chake ni hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Bodi ya kuainisha filamu ya Kenya iliipiga marufuku Aprili 2018, ikisema inahamasisha mapenzi ya jinsia moja. Mwezi uliofuata ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Nairobi iliruhusu ionyeshwe siku saba kwa watu wazima. Kumbi zikajaa. Siku saba zilipopita, marufuku ikarudi.

Kampala nako kulianzishwa tamasha mwaka 2016. Mwaka uliofuata, mwezi Desemba, polisi walilivamia likavunjika.

Hapa kwetu Tanzania filamu hupita mikononi mwa Bodi ya Filamu, kwa sheria ya mwaka 1976, na sheria ya makosa ya jinai inaadhibu ngono ya jinsia moja kwa adhabu inayofika kifungo cha maisha. Kwa hiyo hutaikuta Rafiki katika banda umiza la Bariadi, mahali vijana wanapotazamia filamu za Kihindi na za Kikorea zilizotafsiriwa na ma-DJ. Lakini simu haina mlango. Kijana wako ameshaona vipande, na wewe pia, kwenye kundi la ukoo. Swali ni kwamba tukishaona, tunamtendea nini mtu aliye mbele yetu.

Nimeitazama Rafiki nikiwa safarini nje ya nchi. Nitakuambia kilichonishika. Halikuwa busu. Ilikuwa ni pale umati unapowavamia wasichana wale na kuwapiga, na baadaye pale mmoja wao anapopelekwa kuombewa kana kwamba ana pepo. Niliyajua maombi yale. Niliijua sauti ile, na jinsi mikono inavyowekwa kichwani. Nilikuwa najiona mimi mwenyewe, na sikupenda nilichokiona.

Hapo nikamkumbuka nabii Nathani. Katika Samweli wa Pili, sura ya 12, Mungu anamtuma kwa mfalme Daudi, ambaye amemchukua mke wa Uria na kumwua Uria mwenyewe. Nathani hakumsomea Daudi sheria. Alimsimulia kisa cha maskini aliyekuwa na mwanakondoo mmoja tu, na tajiri mwenye mifugo mingi aliyemnyang'anya. Daudi akawaka hasira juu ya tajiri yule, na ndipo Nathani akamwonyesha kwamba mtu huyo ni yeye. Hadithi ilipita mahali ambapo amri ilikuwa imegonga ukuta. Si kila filamu ni Nathani, msomaji wangu. Ziko nyingi zisizofaa, za jinsia moja na za jinsia mbili. Lakini mtu asiyekubali kusikiliza kisa cha jirani yake asidhani amejilinda na dhambi. Huenda amejilinda na Nathani.

Sasa nikupeleke Uganda. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu liliowaita mashoga, likitaka wanyongwe. Mmoja wao alikuwa David Kato, aliyewahi kuwa mwalimu. Yeye na wenzake wawili walikwenda mahakamani, na mwanzoni mwa Januari 2011 wakashinda. Tarehe 26 ya mwezi huohuo Kato aliuawa kwa kupigwa nyundo nyumbani kwake. Maisha yake yamo katika filamu ya Call Me Kuchu, iliyopata tuzo ya Teddy mwaka 2012.

Nisikilize vizuri hapa, kwa maana yaliyotokea siku ya mazishi yanatuhusu sisi wa kanisa. Mchungaji aliyeongoza ibada alishika kipaza sauti akaanza kuwahukumu watu wa jinsia moja, jeneza likiwa mbele yake na mama wa marehemu akiwepo. Vurugu zikazuka. Wanakijiji wakakataa kumzika. Rafiki zake wakalibeba jeneza wenyewe hadi kaburini. Aliyekwenda nao kuwafariji alikuwa askofu mstaafu wa Kianglikana, Christopher Senyonjo, mzee ambaye kanisa lake lilikuwa limeshamtenga kwa sababu ya kuwahudumia watu hao.

Unaweza usikubaliane na Askofu Senyonjo katika mafundisho. Wakristo wengi wa Afrika Mashariki hawakubaliani naye. Lakini jiulize: siku ile makaburini, ni nani kati ya watumishi wale wawili ungependa asimame kando ya jeneza la mwanao?

Ndugu zangu wa Simiyu, sisi tunayajua mambo haya kuliko wengi. Usukumani tumezika bibi zetu waliokatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Wekundu ule ulitokana na moshi wa jikoni, miaka na miaka ya kupuliza moto wa kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba. Lakini mtu akishaitwa mchawi, hakuna anayeuliza tena kuhusu moshi. Wenye ualbino nao wamewindwa kama wanyama. Kila mara mwanzo ulikuwa mmoja: mtu anavuliwa jina lake, anavikwa jina lingine, na wenye kunyamaza wananyamaza. Sisemi mambo haya ni sawasawa. Nasema mkono unaoinua panga ni uleule, na hauanzi na panga. Unaanza na neno lililotupwa kwenye kundi la ukoo, na dole gumba chini yake.

Utaniuliza, je, makanisa yanasemaje? Juu ya ndoa, msimamo wa makanisa mengi ya kwetu unajulikana. Roma ilipotoa waraka wa Desemba 2023 uliogusa kuwabariki watu walio katika uhusiano wa jinsia moja, maaskofu Wakatoliki wa Afrika walitangaza Januari 2024 kwamba baraka hizo hazitafanyika kwao. Leo sikuandikii ili ubishane na askofu wako.

Lakini kuna jambo la pili ambalo halisemwi sana mimbarani. Januari 2023 Papa Fransisko alisema kwamba kuwa na mvuto wa jinsia moja si kosa la jinai, hata kama kanisa linaona matendo yake kuwa dhambi. Mwezi uliofuata, akirudi kutoka Sudan Kusini, alilaani tena sheria za kuwaadhibu watu hao. Ndani ya ndege ileile walikuwemo Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, na kiongozi wa Kanisa la Scotland, Iain Greenshields, nao wakamuunga mkono. Na maaskofu wakuu wa Kianglikana duniani walikwisha kuandika mwaka 2005 kwamba kuwadhulumu au kuwadhalilisha watu hao ni chukizo kwao. Kwa hiyo mtu anaweza kushika mafundisho ya kanisa lake sawasawa na bado akakataa kumfukuza mtoto, kumpiga jirani au kumchongea mtu kwa uvumi.

Nimalizie na swali la pili la mama yule, kwa maana ndilo lililoninyima usingizi. Nilimtafuta katika Maandiko mama wa kufanana naye, nikampata Rispa, katika Samweli wa Pili, sura ya 21. Ni mama asiyehubiriwa mara nyingi. Wanawe wawili walitolewa na mfalme Daudi, wakatundikwa mlimani pamoja na wengine watano, na miili ikaachwa bila kuzikwa. Ilikuwa mwanzo wa mavuno. Rispa akachukua nguo ya gunia, akaitandika juu ya mwamba, akakaa. Mchana akawafukuza ndege, usiku akawafukuza wanyama wa mwituni, tangu mavuno hadi mvua iliponyesha.

Biblia haituambii kama alitoa hotuba. Hakubishana na mfalme juu ya haki au makosa. Alikaa tu na wanawe. Habari zikamfikia Daudi, yuleyule aliyewatoa, na moyo wake ukageuka. Akaagiza mifupa ikusanywe na kuzikwa kwa heshima. Na Maandiko yanasema kwamba baada ya hayo Mungu alisikia maombi kwa ajili ya nchi. Angalia mpangilio huo, mpendwa. Maombi ya nchi yalisikiwa baada ya watoto waliotupwa kupewa heshima yao.

Kwa hiyo, mayu, kama unalisoma gazeti hili au unasomewa na mjukuu, hili ndilo jibu langu, nalo nimechelewa kulitoa. Mfungulie. Akija Krismasi, mpe michembe yake na maji ya kuoga. Usianze na maswali. Kama lililosemwa kwenye kundi ni uongo, utakuwa hukumpoteza mtoto kwa uvumi. Kama ni kweli, atakuwa na mlango mmoja duniani ambao haujafungwa, na mazungumzo yenu, pamoja na mafundisho yote unayoyaamini, yatafanyika ndani ya nyumba na si kandokando ya kaburi.

Nawe msomaji mwingine, ambaye mtoto anayesemwa si wako, nina mambo madogo ya kukuomba wiki hii. Video ya namna hiyo ikitumwa, usiisambaze pamoja na jina la mtu. Mzee wa ukoo akitoa hukumu, muulize kwa adabu ushahidi wake uko wapi. Na ukimwona mama amekaa peke yake baada ya ibada, mwamkie. Labda yuko juu ya mwamba wake anafukuza ndege, na wewe unapita ukizungumza bei ya pamba.

Tuombe: Ee Bwana, uliyewafikia waliotengwa kabla sisi hatujawafikia, utupe masikio ya kumsikiliza Nathani na miguu ya kukaa na Rispa. Watoto wetu warudi nyumbani wakiwa hai. Amina.

Nakutakia Jumapili njema.