Gari "namba E" siyo lazima iwe mpya: Unachagua vipi SUV ya otomatiki kwa familia ndogo Buhongwa?

Tuseme mko wanne: wewe, mwenza wako, mtoto wa darasa la pili na mwingine bado ananyonya. Mnakaa Buhongwa, ndani kidogo kutoka barabara ya lami, na kazi iko mjini. Mmechoka kugombania daladala asubuhi, na akiba ya miaka mitatu iko benki. Sasa mnataka gari ya juu, ya petroli, otomatiki, na iwe mpya.

Tuanze na hilo neno "mpya", maana hapo ndipo watu wengi wanapigwa.

Kwa wengi wetu gari mpya ni ile iliyoshuka bandarini juzi kutoka Japani na haijawahi kumilikiwa na Mtanzania mwingine. Zile za kilomita sifuri zipo, lakini bei yake haiko karibu na akiba ya familia ya kawaida. Kwa hiyo tunapima upya kwa namba ya usajili. "Namba D" inaonekana imezeeka, "namba E" inaonekana ya jana, na dalali anaongeza bei kwa herufi hiyo tu.

Ile herufi inakuambia gari ilisajiliwa lini Tanzania. Haikuambii ilitengenezwa lini. RAV4 ya 2006 iliyoingia nchini mwaka juzi ina namba E. Vanguard ya 2012 iliyoingia 2019 ina namba D. Ya pili ni changa kwa miaka 6, lakini mtaani itaitwa ya zamani. Kabla hujasifia rangi, omba kadi ya gari na uangalie mwaka wa kutengenezwa. Kisha linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na ile iliyo kwenye gari lenyewe.

<b>Umri unavyokula hela yako</b>

Ukiagiza mwenyewe, umri unaonekana kwenye kodi. TRA hawapigi hesabu kwa bei uliyopatana na muuzaji wa Japani. Wana thamani yao kwenye mfumo, pamoja na nauli ya meli na bima. Juu ya hiyo unalipa ushuru wa forodha 25%. Inafuata ya injini: kuanzia cc 1,001 hadi 2,000 ni 5%, ikizidi 2,000 ni 10%. Halafu ya uchakavu: gari ya miaka 8 hadi 10 ni 15%, ikizidi 10 ni 30%. Mwisho VAT 18% juu ya vyote hivyo.

Chukua gari ya cc 1,990 ambayo TRA wanaithaminisha Sh milioni 15. Ikiwa haijafika miaka 8, kodi hizo zinafika kama Sh milioni 8.2. Ikiwa imevuka miaka 10, zinapanda hadi karibu Sh milioni 14.9. Hiyo tofauti ya Sh milioni 6.6 umeilipia uzee. Na ukichagua injini ya 2.4 badala ya 2.0, kwa thamani ileile unaongeza kama Sh milioni 1.1 nyingine. Bado kuna tozo ndogondogo, gharama za bandari, wakala na usajili.

Ni kweli gari changa huwa na thamani kubwa zaidi, hivyo usitegemee kuokoa zote. Ila weka gari zote mbili kwenye kikokotoo cha magari kilichopo kwenye tovuti ya TRA, ulinganishe jumla kwa jumla. Viwango hubadilika na bajeti ya Juni, kwa hiyo angalia upya siku unayoagiza.

<b>Giaboksi ndiyo swali lenyewe</b>

Watu wakisema "auto" wanadhani zote ni kitu kimoja. Kwenye SUV hizi kuna aina mbili kubwa.

Ya kwanza ni otomatiki ya kawaida yenye gia za kuhesabika, 4, 5 au 6. Unasikia inavyobadilisha. Ya pili ni CVT, isiyo na gia hizo. Ndani yake mkanda au mnyororo wa chuma unapita kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana, na gari inaongeza mwendo kama inateleza. CVT ni laini na inasaidia kubana mafuta. Udhaifu wake ni joto na oil isiyo yake. Ule mkanda unategemea oil yenye ushikaji maalumu. Ukiweka ATF ya kawaida unaanza kuusaga. CVT nyingi zikipata joto kali hupunguza nguvu zenyewe ili zijilinde, na hapo ndipo unaona gari imekuwa nzito katikati ya mlima.

Shemeji yangu alijifunza hili kwa maumivu. Alinunua SUV namba E, safi, viti vya ngozi. Fundi wa kwanza akambadilishia oil ya giaboksi kwa ile iliyokuwepo dukani. Miezi minne baadaye gari ilikuwa inanguruma bila kwenda. Ada ya shule ya muhula ule ilibidi iombewe subira.

Sisi Mwanza mji wetu ni mawe na vilima. Kutoka Buhongwa unapita Mkolani, Nyegezi, Mkuyuni, unaingia kwenye foleni ya mwendo wa kinyonga, kisha labda unapandisha Bugando ukiwa na AC imewashwa. Giaboksi iliyochoka lazima ijitangaze hapo.

Kwa hiyo nani ana nini? Nissan X-Trail ya 2007 hadi 2013 na Dualis, zile za petroli za 2.0 otomatiki zilizotoka Japani, ni CVT. X-Trail ya umbo jipya baada ya hapo pia ni CVT. RAV4 ya Japani ya 2.4 kuanzia 2005 na Vanguard ya 2.4 nazo ni CVT, jambo linalowashangaza wengi kwa kuwa ni Toyota. Harrier ya 2.0 kuanzia mwisho wa 2013 vilevile.

Zenye gia za kawaida: Subaru Forester ya 2007 hadi 2012 ina gia 4, ila iliyofuata ikahamia CVT. Harrier ya zamani ya 2.4 ina gia 4. Toyota Rush ya 1.5, ndogo lakini ipo juu, ina gia 4. Mazda CX-5 kuanzia 2012 ina gia 6. Hapo kwenye CX-5 fungua macho, nyingi zinazotoka Japani ni za dizeli, na kwa nje zinafanana.

Simaanishi ukimbie CVT. Iliyotunzwa na inayopewa oil yake inaenda vizuri. Ila kwa familia yenye gari moja na fundi wa mtaani, mimi ningeanzia kwenye Rush au CX-5 ya petroli. Rush haina nguvu nyingi ikijaa watu na mizigo, hilo lijue. CX-5 ina nafasi nzuri ya kiti cha mtoto, na chini iko juu kama sentimita 21, inatosha kwa njia zetu za ndani baada ya mvua. Wanaosafiri kila mwezi kwenda Sengerema au Geita, hasa tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, wataishukuru ile gia ya sita.

<b>Siku ya kuijaribu</b>

Nenda asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Ukikuta muuzaji ameshaiwasha "ili ipate moto", rudi siku nyingine. Kanyaga breki, toa P weka R, kisha D. Ishike haraka bila kugonga. Halafu omba kupanda mlima, siyo kuzunguka yadi. Mshale wa injini ukipanda na mwendo usipande, mrudishie funguo. Lipa fundi wako mwenye mashine ya kupimia gari. Hela yake ni ndogo kuliko giaboksi.

Kama gari ilishatumika nchini, angalia pia madeni ya faini za trafiki kwa namba ya gari, maana yanabaki kwenye gari. Bima ikiwa bado hai, uliza kama ni kubwa au ndogo.

Na usimalize akiba yote kwenye kununua. Acha hela ya oil zote, tairi na betri wiki ya kwanza. Ile oil ya giaboksi nunua mwenyewe, kwa jina lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, na simama pale fundi anapoimimina.