Namna ya Kujenga Historia ya Mikopo Ukiwa Unaanzia Sifuri



Msimu uliopita kijana mmoja mkulima wa nyanya alinifuata ofisini akiwa amenuna. Aliomba mkopo wa shilingi 3,000,000 anunue pampu na mipira ya kumwagilia. Shamba analo, mto uko jirani, wateja anao. Akakataliwa. Sababu ni shilingi 18,000 alizokopa kwenye simu miaka miwili nyuma. Laini ilipotea, akanunua nyingine, akasahau. Deni likabaki kwenye jina lake.

Jirani yake yeye hajawahi kukopa hata mia, na anajivunia. Naye akakataliwa, akaambiwa hana historia. Leo tuongee kuhusu hawa wawili, maana wengi wetu tupo upande mmojawapo.

Historia ya mikopo ni nini?

Ni rekodi ya ulivyokopa na ulivyorejesha. Hapa Tanzania benki hupeleka taarifa za wakopaji kwenye kanzidata iliyo chini ya Benki Kuu (BoT). Zipo pia taasisi zenye leseni ya BoT, kama Creditinfo na Dun & Bradstreet, zinazoandaa ripoti ya mkopaji. Afisa mikopo anaweza kuisoma ripoti yako hata kabla hajaliona shamba. Na haiandikwi mabaya tu, hata mkopo uliomaliza vizuri unaonekana. Asiyewahi kukopa hana baya, lakini pia hana zuri la kuonyesha.

Sasa unaanzaje?

1. Safisha jina kwanza. Jiulize ni laini ngapi umewahi kusajili kwa namba yako ya NIDA, na kama kuna iliyobaki na deni. Lipa, kisha omba uthibitisho wa maandishi kwamba umemaliza. Pia acha kumsajilia rafiki laini kwa kitambulisho chako. Akikopa akakimbia, anayedaiwa ni wewe.

2. Hela ya mazao ipite sehemu inayoonekana. Ukiuza tenga 60 kwa dalali, ukalipwa taslimu na kuzimaliza mkononi, hakuna anayejua kwamba uliuza. Pokea kwenye akaunti au kwenye simu kwa jina lako, hata kama utazitoa kesho yake. Weka na daftari: tarehe, kiasi, bei, mnunuzi. Taarifa ya akaunti ya miezi 6 pamoja na daftari lako vinaongea kuliko maneno matamu.

3. Kopa kidogo, kitu unachoweza kulipa hata mvua ikikataa. Anzia VICOBA, SACCOS au AMCOS unayoifahamu. Ila kumbuka, rekodi za vikundi vingi huishia kwenye daftari la kikundi, kwa hiyo ukimaliza omba barua ya viongozi. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vijana. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Chagua wenzako vizuri, mkopo ni wa kikundi, mmoja akitoroka mzigo ni wenu wote.

4. Panga marejesho kwa kalenda ya shamba. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Nyanya inakaa kitaluni kama wiki 4, halafu miezi miwili na nusu hadi mitatu shambani mpaka mchumo wa kwanza. Ukichukua hela siku ya kusia mbegu na rejesho likaanza mwezi unaofuata, utadaiwa mara tatu kabla hujauza hata tenga moja. Kabla ya kusaini, omba marejesho yaanze baada ya mavuno. Wakikataa, hakikisha una kuku, bodaboda au mboga za haraka za kulipia miezi hiyo. Huna? Usisaini.

5. Ukikwama, nenda kabla ya tarehe. Bei ikianguka au kantangaze akimaliza shamba, piga picha, nenda kwa afisa mikopo mapema, uombe kupangiwa upya. Anayezima simu anaandikwa mdaiwa sugu. Na usikimbilie kausha damu ili ulipe benki, hapo unahamisha moto kutoka jikoni kwenda chumbani.

6. Usidhamini mtu kwa aibu. Sahihi yako kwenye fomu yake ina maana asipolipa yeye, unafuatwa wewe.

7. Omba kuiona ripoti yako. Ni haki yako. Ukikuta deni ulilokwisha lipa bado lipo, peleka risiti wairekebishe. Kwa hiyo risiti usitupe.

Yule kijana alilipa ile 18,000 pamoja na gharama zake. Hajapata milioni 3 bado. Alichukua shilingi 300,000 kwenye SACCOS kwa ajili ya mbegu na dawa, akarejesha yote kwa tarehe, sasa yuko kwenye mkopo wa pili. Pampu anakodi kwa jirani, na kila mkoba wa risiti anaokuja nao ofisini ni mnene kidogo kuliko wa mara iliyopita.

Leo kabla hujalala, kumbuka ile laini yako ya zamani. Ina deni?

Kilimo chema.