Klorini Peke Yake Haitoshi

Maji ya Ziwa Tanganyika, yapigayo ufuko wa Kibirizi mjini Kigoma, si ya chumvi kama ya bahari, lakini yana hali ya magadi: pH yake hukaribia 9. Tuseme bwawa la kuogelea la watu wote limejazwa maji hayo na kutiwa klorini. Je, waogeleaji wamesalimika?

Klorini iingiapo majini hutoa tindikali ya haipoklorasi, ambayo hupenya ukuta wa seli ya kijidudu na kukiua upesi. Sehemu ya tindikali hiyo hugeuka kuwa ioni za haipokloraiti, zilizo dhaifu mno kwa kazi hiyo. pH ikiwa 7.5, tindikali huwa takriban nusu. Ikifika 9, husalia asilimia 3 hivi. Hivyo kipimo chaweza kuonyesha klorini ya kutosha, na huku vijidudu vya kuharisha vingali hai.

Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 wataka pH ya bwawa lenye klorini iwe kati ya 7.2 na 7.8. Msimamizi hana budi kupima yote mawili, klorini na pH, kabla ya mtu yeyote kuingia majini.